Mkate wa Paka wa Darini

"Mkate umebaki?"

Swali hilo Unga alilisikia kila siku, kutoka kwa watoto waliotumwa, kutoka kwa wanaume waliotoka kazini, kutoka kwa walevi waliokumbuka ghafla kwamba nyumbani wana wake. Lakini sauti hii ilimfanya aache kukanda. Mikono yake ilikuwa imezama ndani ya donge mpaka kwenye vifundo, akaiacha humo humo. Hakuinua uso.

"Upo wa asubuhi," alijibu akiwa bado ameinama. "Wa jioni ndiyo kwanza unaumuka. Labda ungoje."

"Nitangoja."

Ndipo akamtazama.

Mabega yalikuwa yamepanuka. Ndevu zilikuwa na mvi upande mmoja, kama mtu aliyepitiwa na brashi ya chokaa. Begani alining'iniza begi la turubai lililochakaa, mpini wa msumeno ukichungulia nje. Vingine vyote vilikuwa vile vile: macho yale mapole, na ile tabia ya kusimama mlangoni akiupapasa mwimo kwa kiganja, kana kwamba hawezi kuingia nyumba ya mtu kabla hajajuana na mbao zake.

"Randa," Unga alisema.

"Unga."

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwite hivyo. Kijijini sasa alikuwa Mama Mkate, ingawa hakuwahi kuzaa. Unga lilikuwa jina la usichana, la enzi alipokuwa akienda shule na nyusi nyeupe kwa sababu siku yake ilianzia mbele ya tanuri la mama yake. Na yeye ndiye aliyempa mvulana huyu jina lake, siku alipomkuta kwenye karakana ya baba yake, randa mkononi, maranda ya mbao yamemjaa kichwani kama kuku aliyenyonyolewa nusu.

Unga akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Keti pale. Angalia benchi, linacheza mguu."

Randa akaketi. Benchi likacheza. Wote wawili wakalitazama, maana ilikuwa rahisi kulitazama benchi kuliko kutazamana.

* * *

Siku zile vita vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Shule haikuwa na paa. Mvua ikianza, mwalimu alisema, "Fungeni madaftari," na darasa zima likakimbilia chini ya kipande kimoja cha bati kilichosalia, wakabanana kama viberiti, wakicheka. Unga aliyakumbuka masomo machache sana ya mwaka ule, lakini kule kubanana alikukumbuka kote.

Kila nyumba ilikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Kwa kina Unga kilikuwa cha kaka yake, aliyekwenda vitani akiwa kijana wa miaka ishirini na kufia huko, hata kaburi lake wasilijue. Kwa kina Kasuku kilikuwa cha baba. Kasuku alikuwa shoga yake Unga wa chanda na pete, msichana asiyefunga mdomo hata usingizini. Baba yake alichukuliwa barabarani siku moja akaenda moja kwa moja, mtoto akabaki na bibi yake kizee. Na kwa fundi seremala, baba yake Randa, kiti kitupu kilikuwa cha mtoto wake wa kwanza, aliyeitwa Mrefu. Mrefu alipigana upande ule, upande ulioshindwa, upande uliomuua kaka yake Unga. Watu waliposema Mrefu naye atakuwa amekufa, fundi seremala aliinamisha kichwa, hakukana wala hakukubali.

Randa alikuwa na miaka kumi na saba, Unga kumi na sita, alasiri ile alipomngojea njiani.

"Nikikupa kitu, utakibeba?"

"Kizito?"

"Kimenishinda peke yangu."

Alimpeleka karakana, akafunga mlango, akachukua ufagio na kugonga dari kwa mpini. Ubao mmoja ukasogea. Uso ukachungulia, mifupa mitupu na macho. Mrefu, kijana ambaye mama zao walimtuma kuangua vitu vya juu kwa sababu ya urefu wake, sasa alikuwa akiishi mahali ambapo hata kuketi wima hakuweza.

Unga alitaka kupiga kelele. Alimwona kaka yake mbele yake kama jana. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye komeo la mlango wakati sauti kutoka juu iliposema, taratibu, "Wewe ni mdogo wake. Pole, mdogo wangu. Mimi na yeye tulijifunza kuogelea siku moja. Nusura tuzame pamoja."

Unga alifungua komeo, akaenda zake. Alilia kutwa. Kesho yake aliiba mkate kwenye kapu la mama yake, ukiwa moto, akautia ndani ya begi la shule. Njia nzima mkate ule ulimchoma mgongo, naye hakuuhamisha.

Kasuku hakuchukua hata wiki kugundua.

"Mwenzangu, begi lako linanukia kuliko duka lenu," alisema. "Unampelekea nani? Na kama ni yule mtoto wa seremala, mbona hanenepi?"

Ilibidi wamwambie. Na Kasuku, ambaye hakuwahi kutunza siri ya mtu hata ya kipimo cha kidole, aliitunza hii. Ndiye aliyempa Mrefu jina la Paka, ili waweze kuulizana mbele ya watu: "Paka wenu amekula?" "Amekula, anajilamba." Mpaka bibi yake Kasuku akauliza, "Nyie watoto, huyo paka anayekula mikate mbona panya wa kwa seremala wanazidi kunenepa?" Walicheka mpaka wakakaa chini barabarani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Alasiri karakana, jua likipenya kwenye nyufa za ukuta, vumbi la mbao likielea kama dhahabu. Kasuku akiiga sauti ya mwalimu, dari ikitikisika kwa kicheko kilichozuiliwa. Na Randa akimwonyesha Unga mistari ya ubao, ameshika kidole chake na kukipitisha juu yake: "Hapa imesongamana, mti uliona kiangazi. Hapa imepanuka, mvua ilinyesha mpaka ukasahau." Kisha alimpuliza unga wa ngano kwenye nyusi, kwa upole, akiwa amefumba macho yeye mwenyewe. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu. Lakini Unga alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, akiogopa kumwaga hata tone.

Siku moja vijana wa upande ulioshinda, waliojifunga vitambaa mikononi, walikuja mchana kweupe, na ngazi begani. Hawakumuuliza mtu yeyote swali lolote. Waliingia karakana, wakaweka ngazi chini ya ubao ule ule, wakapanda. Mrefu aliposhushwa hakuweza kunyooka. Alivuka kijiji kizima ameinama, mikono karibu iguse magoti, hadi kwenye lori. Waliotoka nje kucheka walimtazama, wakaacha kucheka.

Alasiri ile Unga alimkuta Kasuku amejikunja nyuma ya kuni za tanuri.

"Walisema watamrudisha baba," Kasuku alilia. "Walisema mwenye kumtoa aliyejificha, na yeye atarudishiwa wake. Walijua jina la baba, Unga! Walijua hadi shati alilovaa! Bibi analia kila siku, mimi ningefanyaje? Niambie, ningefanyaje?"

Unga alimwona kuwa nyoka, akamwona kuwa mtoto, vyote kwa pamoja. Wajomba zake Randa walikuwa wameshaapa mbele ya umati kwamba aliyesema, nyumba yake itaungua na waliomo.

"Nyamaza," Unga akasema. "Usimwambie mtu. Hata Randa. Umenisikia? Kasuku, umenisikia?"

Kesho yake asubuhi Randa aliingia dukani, watu wamepanga foleni, mama yake Unga akiwa mbele ya kapu. Macho yalikuwa mekundu.

"Mikate yote ile," alimwambia Unga. "Kumbe ulikuwa unamnenepesha ili umchinje. Haya, kaka yako ameshalipiwa. Furahini."

Unga alifungua kinywa. Katikati ya foleni, akiwa ameegemea fimbo, alikuwa amesimama bibi yake Kasuku. Unga akafunga kinywa.

Randa aligeuka, akatoka. Kabla jua halijazama familia yao yote ilikuwa imepakia meza, vitanda na vyombo vya kazi kwenye mkokoteni, wamehama.

* * *

"Nimesikia mama yuko hai," Randa alisema kutoka kwenye benchi.

"Yupo. Miguu tu haimtaki. Na baba?"

"Alitutoka. Mwaka wa tatu sasa."

"Pole sana."

"Nimeshapoa." Aliguna. "Hapana, sijapoa. Bado nikikata ubao vibaya nageuka kuona kama ameniona."

Unga alitabasamu bila kutaka. Akaanza kukata donge vipande na kuvifinyanga.

"Umeoa?"

"Niliwahi. Hatukudumu. Alisema nyumba yetu ina watu watatu, na yeye ndiye mgeni." Aliupapasa mguu wa benchi. "Na wewe?"

"Mwalimu mmoja aliniposa. Mtu mzuri, hana neno. Nikakubali, nikakataa. Mpaka leo akipita hununua mkate bila kunisemesha."

Unga akasukuma tanurini trei za mikate iliyokwisha kuumuka, akarudi kwenye donge. Tanuri lilikuwa likinguruma kwa ndani. Randa alisimama, akaja hadi mezani. Mwanga wa mlangoni ulikuwa ukimwangukia Unga usoni. Mkono wa Randa ukainuka kidogo, kama unaotaka kwenda kwenye nyusi zile, kisha ukashuka.

"Unga, nimejua. Nimejua kwamba hukuwa wewe."

Kisu cha kukatia donge kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kasuku. Mwezi uliopita nilikwenda kwa kaka kumtengenezea kitanda cha mtoto..."

"Mrefu ana mtoto?"

"Wawili." Randa aliikazia macho meza. "Wamezaa wawili. Yeye na Kasuku."

Unga alikaa kwenye gunia la ngano lililokuwa nyuma yake. Hakulichagua, ndilo lililokuwepo. Alijua Kasuku aliondoka kijijini baada ya bibi yake kufariki. Hakujua zaidi.

"Alikwenda kumtafuta kaka gerezani," Randa aliendelea kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza tu alimwambia, pale pale kwenye wavu: ni mimi niliyesema. Kaka akampa mgongo. Akaja tena, akampa mgongo tena. Mwaka mzima anaongea na mgongo. Unamjua Kasuku, hawezi kukosa la kusema. Kaka anasema siku moja alimsimulia bibi yake na yule paka asiyekamata panya, akajikuta anacheka. Mtu akishakuchekesha gerezani, anasema, huwezi kumchukia tena, huna nguvu hizo. Alipotoka wakaoana. Mimi sikuambiwa kuwa ndiye aliyesema. Shemeji nikamjua, nikala chakula chake miaka yote hii, na hili sikulijua. Mpaka siku hiyo aliweka sahani chini akasema, shemeji, nimechoka kukuona unamchukia mtu kwa ajili yangu."

Alingoja. Mabega ya Unga yalianza kutikisika, na Randa akadhani analia, akapiga hatua kuzunguka meza. Lakini Unga alikuwa anacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Kwa hiyo mmeshasameheana," alisema. "Aliyesema amesamehewa. Aliyefungwa ameoa. Mmepika, mmekula, mmeshiba, na sasa umekuja kuniletea mimi ukoko."

"Unga..."

"Katika wote, Randa, asiye na kosa nilikuwa mimi peke yangu. Na mimi peke yangu ndiye niliyekosa wa kunisamehe!"

"Nilikuwa mtoto. Kaka yangu nilimwona anapita ameinama kama mnyama..."

"Na mimi nilikuwa nani? Nilikuwa mtu mzima?" Alisimama. "Sikulaumu kwa kuumia. Nakulaumu kwa kitu kimoja. Hukuniuliza. Uliingia hapa na jibu lako mkononi, ukalitupa mbele za watu, ukaenda. Neno moja tu: ni wewe? Ungeniuliza hata kwa hasira. Hata kwa kofi."

"Ungenitajia Kasuku?"

"Nisingekutajia mtu. Ningekwambia si mimi, na ungeniamini au usingeniamini. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Randa aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta wala hakuyaficha, yakadondokea mezani kwenye unga wa ngano na kufanya vidonge vidogo.

"Ni wewe?" akauliza, sauti ikikatika.

"Si mimi," Unga akajibu.

Hapo ndipo na yeye alipolia. Hawakugusana. Walisimama meza ikiwa kati yao, kila mmoja akililia upande wake, mpaka pazia la chumba cha ndani lilipofunguka.

Mama yake alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani.

"Shikamoo, mama," Randa alisema haraka, akijipangusa.

"Marahaba. Salamu haina ugomvi." Bibi yule alijikokota hadi kwenye kiti chake cha karibu na tanuri, akaketi kwa kujipimia. "Sauti yako nimeijua tangu uliposema utangoja. Miguu yangu ndiyo mibovu, masikio ni mazima. Mtoto wa seremala. Umefuata nini kwenye nyumba hii?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa Unga. Na kwako."

"Kwangu mimi huna deni la radhi. Mimi nina mwanangu aliyeuawa na upande wa kaka yako, na hilo radhi yako hailifikii." Aligeuza uso kwa binti yake, na sauti ikabadilika. "Nimesikia maneno ya huyu. Ni kweli? Si wewe uliyesema?"

Unga alishika ukingo wa meza.

Randa hakuelewa, akawatazama kwa zamu. Hakuwa hapo miezi ile baada ya wao kuhama. Hakuona jinsi mama alivyoishi na binti yake nyumba moja bila kumsemesha, ila maneno ya kazi: chumvi, kuni, funga mlango. Hakuwepo jioni mama aliposimama nyuma ya Unga anayekanda, akaweka mkono juu ya kichwa chake na kusema, angalau mwishoni ulimkumbuka kaka yako. Unga angeweza kusahihisha. Aliuhisi ule mkono kichwani, mzito, wa moto, mkono aliokuwa akiulilia kila siku, na akanyamaza. Siri ya Kasuku aliitunza kwa huruma. Hii aliitunza kwa njaa yake mwenyewe.

"Si mimi, mama," alisema sasa. "Sikusema. Nilimpa mkate mpaka siku ya mwisho. Na wasingemkamata, ningeendelea kumpa."

"Ukaniacha niamini."

"Nilikuacha. Ulikuwa umenishika kichwa, mama. Nilishindwa."

Bibi aligeukia mdomo wa tanuri. Alikuwa na uso ambao watu wa kijiji walizoea kuuogopa kidogo, uso wa mtu aliyekwisha kupigwa na kubwa kuliko maneno yao. Randa aliokota begi lake. Alijua pa kutokea. Lakini bibi akainua kidole.

"Wewe. Sijakwambia nenda." Alikuwa akitazama mdomo wa tanuri. "Huyo kaka yako. Alikuwa akiulaje?"

"Mama?"

"Mkate wangu. Aliulaje?"

Randa aliweka begi chini tena. "Wote, mama. Ganda na nyama yake ya ndani. Kisha alilamba kidole na kuokota makombo kwenye ubao, gizani, kwa kupapasa. Siku zingine nilimsikia analia huku anatafuna."

"Analia."

"Ndiyo, mama."

Bibi alitikisa kichwa, taratibu, mara nyingi.

"Wangu alikuwa na miaka ishirini," alisema. "Alikuwa mlaji, huyo. Mkate haukupoa mbele yake. Nimejiuliza miaka yote hii: kule alikokuwa, siku za mwisho, alikuwa ameshiba au ana njaa? Nikilala hilo ndilo linaloniamsha. Si risasi. Ni njaa." Alishika mikono ya kiti. "Sijui kama upande ule kulikuwa na binti wa mtu aliyemwibia mama yake mkate akampa."

Unga alimwendea mama yake, akapiga magoti kwenye sakafu iliyojaa ngano, akalaza kichwa mapajani mwake. Bibi hakumshika mara moja. Mikono ilibaki kwenye mikono ya kiti kwa muda mrefu, ikibana na kuachia. Kisha mmoja ukashuka, ukamgusa binti begani.

"Mikate yako inaungua," alisema.

Ilikuwa kweli. Unga aliruka, akanyakua pala, akatoa trei ya kwanza ikiwa nyeusi pembeni, huku Randa akikimbia kumfungulia dirisha moshi utoke. Kwa dakika chache wakawa wafanyakazi tu: shika hapa, sogeza, angalia kidole. Wateja wa jioni wakaanza kuja. Mama mmoja wa jirani alimkazia macho yule mwanaume aliyejipaka majivu hadi sikioni, akasahau kuchukua chenji. Randa aliwapa watu mikate yao kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayekabidhi vitu vya kuvunjika. Ilipobaki mikate miwili iliyoungua, bibi alikuwa ameshajikokota kurudi chumbani na pazia limefungwa.

"Mimi sijasema ndiyo," sauti yake ilisikika kutoka ndani. "Nimesema tu mikate inaungua. Msije mkanielewa vibaya."

"Hapana, mama," wakajibu pamoja, kama watoto wa shule, na wakaogopa kutazamana wasije wakacheka.

Nje jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mapaa. Walisimama mlangoni, yeye ndani ya kizingiti, Randa nje yake.

"Nimepata kazi ya kupiga dari ya shule," Randa alisema. "Nitakuwa hapa mpaka iishe. Unga, mimi sikuacha hata siku moja. Hata nilipokuchukia nilikuchukia kila siku, asubuhi na jioni, kama dawa. Niseme nini ili..."

"Usiseme." Aliinua kiganja. "Nisikilize. Yule mvulana wa karakana nilimpenda, na nitakufa nikimpenda, hilo sitakuficha. Lakini wewe sikujui. Una mvi ambazo sijui zilianza kwa huzuni gani. Unakunywa chai ya namna gani, unakoroma au hukoromi, sijui. Na mimi pia siyo yule. Ukinishika leo utakuwa unashika mtoto ambaye hayupo."

"Kwa hiyo niende."

"Mbona una haraka ya kuondoka wewe, tangu zamani?" Alitabasamu, na uso wake wote ukawa wa miaka kumi na sita. "Kwanza nitakwenda kumwona Kasuku. Nina maneno naye, na nina hamu naye, sijui kipi kitatangulia. Halafu wewe njoo. Lakini usije kama mtu aliyerudi kuchukua kitu alichokisahau. Njoo kama mgeni."

"Mgeni anaanzaje?"

"Anabisha hodi. Anakaribishwa. Anauliza habari za hapa. Na akitaka kujua kitu, anauliza."

"Lini?"

"Kesho."

Randa aliitikia kwa kichwa. Alitundika begi begani, akamtazama mara moja, mtazamo mrefu, wa mtu anayekunywa maji kabla ya safari, kisha akageuka. Unga alifunga mlango, akaweka komeo, akaegemeza mgongo kwenye ubao. Alisikia hatua zikishuka barabarani. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na alijicheka mwenyewe, mwanamke mzima na magamba ya donge hadi kwenye viwiko.

Hatua zikasimama. Zikarudi.

"Hodi," ilisema sauti nje ya mlango.

Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. "Nimekwambia kesho!"

"Hodi hapa. Mgeni."

Alicheka. Alicheka kwa sauti, jinsi ambavyo chumba kile hakikuwahi kumsikia tangu enzi za mabegi ya shule, hadi machozi yakaanza upya.

Ndani, nyuma ya pazia, kitanda kililia.

"Nani tena huyo?" mama yake akauliza.

"Mgeni, mama."

Unga alishika pumzi, na alijua kwamba upande wa pili wa ubao na Randa ameishika yake.

"Mwambie mgeni tumefunga," bibi alisema hatimaye. "Kesho tunafungua mapema."